Gunia la samaki lilivyoonyesha kwa nini sipati mtoto

Wakuu, habari za jioni. Naandika polepole, shule niliishia ya msingi, mnivumilie. Ila kisa ni changu mwenyewe na sijakiongezea chumvi.

Ni Lubumbashi, enzi za Zaire, kila mwanaume anaitwa sitwayen, yaani raia. Nilikuwa kijana wa haya, kibarua wa mgodi wa shaba, naishi kambi ya wafanyakazi. Kazini tulipewa unga, tuliuita poso, kulingana na idadi ya watoto. Gunia langu lilikuwa dogo kuliko ya wenzangu, na kambi nzima ilinitazama nikilibeba.

Ndevu sina, sauti nyembamba, lakini lawama alibeba mke wangu, Mwewa. Tantine, dada wa baba, alishaamua: "Huyu arudie kwabo Kasenga. Tutakutafutia mwingine."

Nikaomba kwanza twende hospitali.

Mwewa akaja na gunia la samaki wakavu, akitoka hapo apeleke soko la Kenya. (Kenya ni mtaa wa hapohapo Lubumbashi, msije mkasema nilivuka mipaka.)

Tukakaa kwenye benchi. Wa pembeni yetu akahama. Wa pili naye akahama. Nikafurahi, tumepata nafasi.

Daktari akatoka, mkono puani. "Sitwayen, hii samaki iko yako? Hausikie harufu?"

"Harufu gani?"

Mwewa akacheka. "Docteur, huyu hata bukari ikiungua hasikie. Tangu utoto." (Bukari ndio ugali wetu.)

Daktari akaacha utani. Akaniingiza ndani, akanipima hadi kule ambako haya zangu zinaishi.

Kisha akaeleza. Kuna wanaume wanazaliwa na kasoro hiyo, ni ya urithi. Pua haisikii harufu, na ubongo hautumi homoni za kuamsha korodani, kwa hiyo mbegu hazitengenezwi. Sindano za homoni zinaweza kusaidia, ila si kwa kila mtu, na zinataka muda.

Muda ndio hatukuwa nao. Nyumbani tantine alikuwa anasubiri. Mwewa akamwambia kama daktari alivyosema: shida ni hormones.

Tantine akasikia harmonie, mapatano kwa Kifaransa. Yaani hatupatani.

"Ndiyo maana," akasema. "Hamuna harmonie. Basi hakuna kufukuzana hapa, kwanza mupatane."

Nikafungua mdomo nimsahihishe. Mwewa akanikanyaga mguu.

Toka hapo, tukimwona tantine kwa mbali tunaanza kugombana, aone bado hatujapatana. Mimi na haya zangu nilijifunza kufoka kwa sababu ya chumvi ya mboga. Akiondoka tunacheka, naenda kuchomwa sindano.

Zilitangulia ndevu. Mtoto alichelewa sana, mpaka tukaishiwa mambo ya kugombania, ila alikuja. Tantine akatamba kambi nzima kwamba ametupatanisha.

Pua haikupona. Mtoto akichafua nepi, naitwa mimi. "Si wewe hausikie?" Mwewa ananiambia, huyo anatoka nje.

Somo langu: mkikosa mtoto, pimweni wote wawili kabla ya kumrudisha binti wa watu kwao.

Sasa ingia jikoni, nusa kitu, urudi hapa useme umesikia nini. Usiyesikia kitu, usione haya, nipo.