Nafasi ya Mtu Mmoja

Binti yangu alinipigia simu Alhamisi, baada ya sala ya alasiri. Nilikuwa nimekaa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko kambini?"

"Hatujambo. Jumamosi tunacheza fainali. Nimeona nikuarifu."

Nikamwambia nitakuja. Akasema haingii mtu. Kwenye nusu fainali mashabiki walirushiana chupa, na wenye mashindano wakaamua fainali ichezwe uwanja mtupu. Kila mchezaji amepewa nafasi ya mtu mmoja tu wa kwao.

"Na wewe umempa nani?"

"Nimempa Baba."

Msomaji asije akapotea hapa. Aliyemzaa ni mimi, lakini mimi kwake ni Mzee. Baba ni fundi baiskeli wa Zinga, aliyemwoa mama yake baada ya mimi kumwacha. Nimelisikia neno hilo akiitwa mtu mwingine kwa miaka kumi na mbili, na bado huniingia kama mwiba wa samaki kooni.

Simu yangu ina sauti kubwa, kwa hiyo kinyozi alisikia yote. "Pole, mtani wangu," alisema, wembe mkononi. "Mnazi ulipanda wewe, dafu kanywa fundi baiskeli."

Wateja wawili kwenye benchi wakacheka, nami nikacheka nao, maana utani haununiwi. Nilirudi nyumbani Kaole nikiwa nimesahau hata kumwambia kinyozi asante.

Makosa yangu nayajua, na sitamsukumia mtu. Alipokuwa na miaka kumi na moja, binti yangu alikuwa akicheza mpira na wavulana kwenye mchanga nyuma ya madrasa. Nilimkataza mara mbili. Mara ya tatu nilichukua viatu vyake vya mpira, alivyopewa na mwalimu wa shule, nikavitumbukiza chooni, yeye akitazama. Hakulia. Mama yake ndiye aliyelia, tukagombana, na kabla mwezi haujaisha nikamwandikia talaka kwa mwandiko wangu mzuri wa kidato cha nne. Wakahamia Zinga. Ni karibu kabisa, lakini sikuwafuata. Nilingoja waje kuniomba radhi.

Fundi baiskeli hakungoja chochote. Aliuziba mpira wa mtoto kwa viraka vya tyubu, akaujaza upepo kwa pampu ya dukani kwake, na kila alfajiri akapanda baiskeli nyuma yake, mtoto akikimbia mbele. Nilisimuliwa na watu. Kila aliyenisimulia alidhani ananifurahisha.

Jumamosi nilivaa kanzu na koti, nikachukua bodaboda mpaka uwanjani, upande wa Mapinga. Nilijiambia nitasimama nje ya ukuta nisikilize tu. Sasa naona nilikuwa najidanganya, maana nilikuwa nimetia kitambulisho changu cha taifa mfukoni, na mtu wa kusikiliza ukutani hahitaji kitambulisho.

Getini alikuwa amekaa msichana mwenye orodha.

"Shikamoo, babu. Umekuja kwa mchezaji gani?"

Nikamtajia, nikampa kitambulisho. Akapitisha kidole kwenye karatasi. Mbele ya jina la kila mchezaji paliandikwa mgeni wake. Wenzake wameandika majina matatu ya mgeni. Mwanangu ameandika neno moja tu: Baba.

Msichana akaangalia kitambulisho, akaangalia jina la mchezaji. Sisi hapa pwani mtoto hubeba jina la baba aliyemzaa, hata akilelewa na nani. Fundi hakuweza kumpa lake hata kama angetaka.

"Haya, hata sina haja ya kuuliza," alisema. "Jina lake la pili ni lako, la tatu la baba yako. Wewe ndiye baba?"

"Ndiye mimi," nikasema.

Halikuwa neno la uongo. Nimelirudia mara nyingi tangu siku ile na bado naona halikuwa la uongo, na bado nalionea haya. Msichana akatia alama, akanivika kadi ya kamba shingoni, nikaingia.

Uwanja mtupu ni kitu cha ajabu. Sisi wageni tulikuwa arobaini hivi, tumekalishwa pamoja kwenye jukwaa la saruji, na kwingine kote ni viti tu. Mpira ukipigwa unasikia kishindo chake mara mbili, mara ya pili kikirudi kutoka jukwaa la pili. Unasikia wachezaji wakipumua. Unasikia kocha akimtukana beki wake kwa adabu: "Mama, unamsindikiza huyo au unamkaba?"

Timu zilipoingia, binti yangu alitazama jukwaani moja kwa moja. Aliniona. Kisha akatazama mstari wa nyuma yangu, na ule wa nyuma yake, kama mtu anayetafuta ufunguo mahali alipozoea kuuweka. Halafu akainamisha kichwa kidogo kunisalimia.

Kipindi cha kwanza hakikuwa na bao. Alicheza pembeni kulia, karibu na sisi, na sikumwondolea macho hata mara moja. Mbio zake ni za mama yake. Ubishi wake ni wangu. Mama mmoja aliyekaa pembeni yangu aliniuliza, "Yule namba saba ni wako?" Nikasema ni wangu. Akasema, "Umelea, baba." Nikapokea sifa hiyo kama mtu anayepokea mzigo uliokosea nyumba.

Kipenga cha mapumziko kilipolia wenzake walikwenda vyumbani. Yeye alikuja mpaka kwenye uzio wa jukwaa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Unacheza vizuri."

"Baba yuko getini. Kocha kapigiwa simu. Wamemkatalia, orodha inaonyesha Baba ameshaingia." Alijifuta jasho kwa mkono. "Kaja na baiskeli kutoka Zinga."

Hakuniambia nitoke. Angeniambia nitoke, najijua, ningekaa. Aligeuka akawafuata wenzake, nami nikabaki naihesabu hasira yangu nikiona ni ndogo kuliko nilivyodhani. Miaka yote nilisema fundi amenichukulia mtoto. Pale nilikuwa nimekaa kwenye kiti chake, na mtoto bado alikuwa wake.

Nikashuka mpaka getini.

"Babu, ukitoka hurudi," msichana alisema.

"Najua. Huyo bwana aingie mahali pangu."

Fundi alikuwa amesimama kando ya baiskeli yake, shati limelowa jasho mgongoni. Ni mdogo wangu kwa miaka mingi. "Shikamoo, kaka," alisema, bila hasira yoyote usoni, na hilo liliniuma kuliko matusi.

Msichana alitutazama mmoja baada ya mwingine, kalamu juu ya orodha. "Sasa baba ni yupi? Hapa pana baba mmoja tu."

"Huyu," nikasema. Nikavua ile kadi, nikamvika mwenyewe, maana mikono yake ilikuwa na mafuta ya mnyororo na alikuwa anaogopa kuichafua.

Kipindi cha pili nilikikaa nje, kwenye kivuli cha ukuta, nikilinda baiskeli ya mtu. Nilisikia kelele moja kubwa, kisha sauti ya fundi peke yake juu ya zote: "Mwanangu! Mwanangu huyo!" Nilimwuliza msichana nani kafunga. Akasema yeye yuko na geti, haoni. Nilijua tu kwamba bao nimelikosa, na kwamba anayelishangilia hakulikosa.

Walishinda. Fundi alitoka wa kwanza, akakamata baiskeli yake, tukatembea pamoja mpaka barabarani. Alinisimulia yote bila kuombwa: jinsi binti alivyompita beki, krosi ilivyokwenda, mwenzake alivyoimalizia kwa kichwa. Alisimulia taratibu, akirudia, ili na mimi nione. Kisha akauliza:

"Na kipindi cha kwanza, kaka? Mimi sikukiona. Alichezaje?"

Nikamweleza. Nilimweleza mbio, na faulo aliyochezewa, na shuti lililogonga mwamba. Alisikiliza kama mtoto anayesimuliwa hadithi.

Jambo moja sikumwambia. Karibu na mapumziko mpira ulitoka, binti akaja kuurusha chini yetu kabisa. Aliufuta kwenye jezi, akauinua, akasema kwa sauti ndogo, "Bismillahi, mgongo usiniangushe." Kwenye uwanja uliojaa nisingesikia. Maneno hayo hayasemwi na watu wote. Ni yangu, niliyasema kila nilipoinua gunia la chumvi, zamani, yeye akiwa amekaa kizingitini ananitazama. Fundi angefurahi kuyasikia. Angeyapenda, na pengine angemwuliza aliyatoa wapi.

Tulifika barabarani. Akauliza, "Ndiyo hayo tu?"

Nikamwambia ndiyo hayo tu.