Miunganisho Niliyoiacha Wazi

Nakumbuka Jumatatu moja pale Thika, mwanangu, kliniki ya watoto imejaa mpaka kwenye korido. Mimi ndiye niliyekuwa fundi wa kompyuta wa hospitali ile, kijana mwenye haraka.

Zamani kidogo, daktari akitaka faili ya mgonjwa, seva, ile kompyuta kuu, ilibisha hodi kwenye hifadhidata, ghala la faili zote, ikafunguliwa, ikasoma, ikaaga. Hodi hizo zilikula muda. Nikasema, ya nini kubisha kila mara? Nikaacha kila muunganisho wa seva na hifadhidata wazi hata kazi ikiisha. Mambo yakaenda mbio, nikasifiwa, nikawa natembea kama bwana harusi.

Jumatatu hiyo faili zikakataa kufunguka. Nikalaumu mtandao, nikalaumu stima. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Hifadhidata hubeba miunganisho kwa kiasi chake, na nafasi zote zilikuwa zimeshikwa, nyingi na ofisi ambazo hata hazikuwa na kazi.

Kulikuwa na mama kutoka Kalimoni, mtoto wake anachemka homa. Alijua kuna sindano iliyowahi kumvimbisha mtoto uso akakosa pumzi, ila jina la dawa alilisahau. Lilikuwa kwenye faili. Daktari ameshika sindano, anaogopa kudunga, anaogopa kungoja. Nikimkumbuka huyo mama alivyonitazama, roho bado inaniuma.

Nikataka kuongeza kiwango cha miunganisho. Mkubwa wangu, Mama Wairimu, ambaye alinipenda kama mwanawe na kunikaripia vivyo hivyo, akanizuia.

"Kamau, ukiongeza utaiangusha kabisa. Hiyo mashine imelemewa. Funga ile miunganisho imekaa bure."

"Lakini Mama, tutarudi kuwa polepole."

"Wacha tukawie kidogo. Kushika si kutumia, kijana wangu."

Nikaifunga. Faili ikafunguka. Daktari akasoma, akaiweka kando sindano aliyoshika, akachukua dawa nyingine. Ile aliyotaka kumdunga ndiyo ile ile iliyowahi kumvimbisha uso. Mama wa watu akakaa chini akalia, nami nikatoka nje nikalia yangu.

Baadaye tukaweka miunganisho michache ya kutumiwa na wote kwa zamu, na unaokaa bure unafungwa wenyewe. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Nawe huko Ruiru, mwanangu, unapotunza mitambo ya watu, usipime kazi yako siku ya utulivu. Ipime siku foleni imefika nje. Ukimaliza na kitu, kiachilie, kuna mtu nyuma yako amebeba mtoto. Mungu akubariki, akupe mikono isiyong'ang'ania.