Nilipiga ngoma ya msiba kwenye dansi Mbeya huku nacheka: kisa cha albamu ya Mzee Nyuzi

Wakuu, kamwene.

Naandika kwa kidole kimoja na shule yangu iliishia darasa la tatu. Mwenye kutaka kunisahihisha herufi apite kushoto. Haya nimeyaona kwa macho yangu, sikuhadithiwa na mtu.

Mwaka 1973, nikiwa na miaka kumi na tisa, baba alikufa kule Kilolo. Baba zangu wadogo wakagawana shamba kama wanagawana nyama. Mimi nikaachiwa ligombo la baba, ule ubao wetu Wahehe wenye nyuzi na kibuyu chini.

Ligombo haliliwi. Nikashuka Ruaha Mbuyuni kupakia vitunguu kwenye malori. Shingo yangu mpaka leo imelala upande.

Siku moja lori liliharibika pale, akashuka mzee mrefu na gitaa lake. Barabara nzima walimjua, Iringa mpaka Mbeya. Walimwita Mzee Nyuzi. Alianza kuimba kabla ya uhuru, na kila baa ilikuwa na nyimbo zake.

Akanikuta kivulini napiga ligombo. Akasimama mpaka nilipomaliza.

"Wewe kijana, unapiga hivyo halafu unabeba magunia?"

"Nabeba kwa sababu nakula, mzee."

Akacheka. "Basi panda. Kwangu utakula kidogo lakini shingo itapona."

Nikapanda. Hivyo ndivyo nilivyoingia bendi Iringa mjini, wakuu. Hakuna interview wala nini.

Sasa shikeni hapa, maana hapa ndipo mambo yalipo.

Mke wa Mzee Nyuzi alikuwa Mnyakyusa, tunamwita Mama Tusa. Alikuwa anaumwa, akarudishwa kwao Tukuyu auguzwe. Mwaka uliofuata dereva wa lori akaleta habari kwamba mama kafariki.

Habari ilitukuta tunafunga spika, tunakwenda kupiga harusi ya mtu mkubwa wa pale mjini. Mzee akakaa juu ya boksi la spika. Halafu akasema, "Tupige hii, kesho naondoka."

Akapiga. Alipofika Tukuyu mama alishazikwa, na watu wa msiba wameshatawanyika.

Shemeji yake mkubwa, Mzee Ambakisye, alimsimamisha barabarani. Hata uani hakumfikisha. Mimi nilikuwepo, nimebeba mkoba.

"Dada yangu amechezewa msibani na watu wote, hata majirani ambao hatusalimiani nao. Wewe peke yako ulikuwa unachezesha harusi. Rudi ukaimbe."

Kaburi hakuonyeshwa.

Nilidhani ni hasira ya siku moja. Wapi! Alirudi tena na ng'ombe, akarudishwa na ng'ombe wake. Mzee akakonda, tukaona huyu atamfuata mkewe kabla hajaliona kaburi lake.

Ndipo akasema tunatengeneza albamu, santuri kubwa ya pande mbili. Tukafurahi, tukijua atakusanya zile nyimbo za zamani ambazo watu wanazililia.

Akazitupa zote.

Wakuu, nilishtuka. Wimbo wa kwanza ligombo langu na gitaa lake tu, bila besi. Wa pili akamtoa Mbeya Bwana Hamadi, muuza kanga mwenye asili ya pwani, aje na fidla yake. Bwana Hamadi alikuwa hapigi mpaka amefunga duka na kunawa mikono. Wa tatu kwaya tupu, akina mama wa kanisani. Upande wa pili kuna wimbo wa wachunga ng'ombe waliohamia Usangu kutoka kaskazini, na kuna mmoja gitaa la umeme linapiga kelele kama mashine ya kukobolea.

Mpiga besi akauliza, "Mzee, hii ni albamu au ni soko la Mwanjelwa?"

"Soko. Kila mtu akija akute chake."

Tulipoingia studio Dar, fundi mitambo naye akashangaa. "Mzee, watu watacheza wapi hapa?"

"Nimewachezesha miaka yote. Safari hii wakae."

Wimbo wa mwisho akanipa ngoma. Akanifundisha mwenyewe, kwa kugonga meza, siku nyingi. Mapigo mazito, ya haraka, yanakushika kiunoni. Hauna maneno. Ni gitaa linalia chini na ngoma juu.

Sasa mimi Mhehe wa Kilolo. Kwetu ukisikia ngoma inapigwa vile, jua kuna pombe mahali. Nikajua huu ni wa mavuno. Sikuuliza, na yeye hakusema.

Santuri ilipotoka, Iringa watu walinuna. Mmoja alimfuata Mzee mtaani akamwambia amezeeka vibaya. Baa moja wakairudisha. Mimi nikaanza kuwaza magunia ya vitunguu.

Mzee akasema tunakwenda Mbeya. Dansi la Jumapili mchana, ukumbi ule uliokuwa karibu na stendi.

Watu walijaa. Tukapiga albamu yote kwa mpangilio wake. Fidla ya Bwana Hamadi ikapigiwa makofi, mambo yakawa safi. Nikasema Mungu mkubwa, tumepona.

Tukafika wimbo wa mwisho. Nikainua fimbo, nikaanza. Nikapiga kwa nguvu zote, meno yote nje, napaza sauti, "Cheza mama! Cheza!"

Ukumbi ukasimama, wakuu. Glasi ziliganda mikononi.

Mama mmoja mbele akaweka mikono kichwani akapiga yowe. Akadakia wa pili. Wazee wa Kinyakyusa waliokuwa wamekaa nyuma wakainuka wote, mmoja akauliza kwa sauti:

"Nani kafa?"

Mimi bado nacheka! Naona watu wanalia, nadhani wimbo umewaingia. Mpiga besi akauliza watu wa mbele, akarudi kuninong'oneza, "We mjinga, hiyo ni ngoma ya mazishi. Haipigwi bila maiti."

Nikashusha fimbo. Nikatafuta mlango kwa macho. Mbele ya mlango amesimama Mzee Ambakisye. Kumbe Mzee Nyuzi alimtumia ujumbe kwamba aje, siku hiyo, ukumbi huo.

Mzee Nyuzi akasogelea maiki. Sijawahi kusikia sauti ile kwake.

"Mnauliza nani kafa. Mke wangu. Mlimzika mimi nikiwa napiga harusi. Sikumchezea. Leo nimekuja kucheza, mnipige au mniache."

Mzee Ambakisye akaja mpaka jukwaani. Moja kwa moja kwangu. Nikajua leo nakufa Mbeya.

Akaninyang'anya fimbo.

"Nyinyi Wahehe mnapiga kama mnatwanga ulezi. Toka hapo!"

Akakaa, akapiga yeye. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nafundishwa pale mezani. Mzee Nyuzi akaweka gitaa chini, akashuka kwa watu, akacheza huku machozi yanamtoka. Wazee wakamzunguka, wakacheza naye. Bwana Hamadi kasimama kando, kavua kofia.

Kesho yake asubuhi wakamchukua mpaka Tukuyu. Kaburi akaonyeshwa. Akakaa pale peke yake mpaka jua likawa kali.

Mpaka leo nikikumbuka nilivyokuwa nakenua meno, mwili unanisisimka.

Somo langu ni fupi, sina elimu ya kulizungusha. Msiba wa mtu wako acha kila kitu uende. Harusi ya mkubwa itapata mwimbaji mwingine. Na ukipewa kazi usiyoijua maana yake, uliza.

Wenyeji wa Rungwe, kule Tukuyu, nisahihisheni kwenye comments kama nimekosea jambo la mila. Na aliyewahi kuisikia santuri hiyo aseme, nijue siko peke yangu.

Mzee Nyuzi alishafariki. Mzee Ambakisye naye. Mimi nipo, na sikuiba cha mtu. Nina nyumba ya tofali za kuchoma Iringa. Nina shamba la vitunguu Ruaha Mbuyuni, palepale nilipobeba magunia, na mashine ya kuvuta maji. Nina Fuso moja kuukuu. Nina ng'ombe wa maziwa. Nina ligombo la baba. Nina santuri ile, imekwaruzika lakini inaimba.

Na nina ngoma ya mazishi, ya Kinyakyusa. Mzee Ambakisye alinipa mwenyewe, baada ya kunifundisha kuipiga inavyotakiwa. Imefunikwa blanketi chumbani, haiguswi. Wanangu wanajua ni ya siku gani.