Solange, aliyewatoa wanawake wa Butembo kucheza peupe

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, ukungu bado umelala mabondeni Butembo, mashariki mwa Kongo, na baridi inauma vidole. Kwenye uwanja wa mpira ulio mgongoni mwa kilima, wanawake wanafika mmoja mmoja, wamejifunga vitenge hadi miguuni. Kila anayefika anavua kitenge chake, anakitundika kwenye uzio wa mianzi na kubaki na suruali ya michezo.

Katikati yao amesimama Solange Katungu, mwenye umri wa miaka 36, mwembamba, sauti yake kubwa kuliko mwili. Anapiga makofi mara mbili. Spika ndogo inaanza kudunda, na wanawake thelathini hivi wanayumba kushoto, wanayumba kulia, mabega yanafuata.

"Magoti juu! Mama Delphine, uko naangalia wapi? Angalia mbele, bwana yako hayuko huku!" anafoka, na kicheko kinaenea uwanja mzima.

Mwandishi wa makala haya alidhani amekuja kuandika tu. Alivutwa mkono, akacheza dakika kumi, kisha akaketi kwenye nyasi akitafuta pumzi, huku akina mama wenye wajukuu wakiendelea kama hakuna kilichotokea.

Solange si mzaliwa wa Butembo. Kwao ni Kayna, kusini mwa Lubero, alikokuwa akishona nguo siku za juma, na Jumapili akiongoza "joyeuses", wasichana wanaocheza wakati wa misa. Vita vilipofika huko alikimbia na wanawe wawili, cherehani ikabaki.

"Nilifika huku, nakaa mu nyumba siku muzima. Kichwa inauma, moyo inapiga mbio, usiku usingizi hapana," anakumbuka.

Muuguzi wa zahanati alimpima, akakuta presha imepanda, akamwambia atembee kila asubuhi. Peke yake aliogopa, hivyo akamwita jirani yake Delphine. Delphine naye akaita wengine. Baada ya wiki chache kutembea tu kuliwachosha, na Solange akaanza kuwafundisha hatua za joyeuses.

Mwanzoni walijificha. Walipewa ghala tupu la mahindi, wakaziba dirisha kwa gunia ili wapita njia wasione wake za watu wakikata viuno ndani ya suruali.

"Kule ndani joto, vumbi, kila mutu anacheza naangalia ukuta," anasema Delphine. "Tulikuwa sawa batu benye kuiba."

Solange akaamua watoke. Hewa ni ya bure, aliwaambia, na jua pia.

Siku ya kwanza uwanjani alikuja na firimbi shingoni, kama walimu wa michezo aliowahi kuwaona. Hapo ndipo alipokosea. Katika mtaa huu, firimbi kabla ya jua kupanda ina maana moja: wezi au watu wenye silaha wameingia. Mtu akiipuliza, jirani hujibu kwa kupiga sufuria, na mtaa wote hutoka. Solange, mgeni wa watu, alipuliza kwa nguvu zake zote.

Sufuria zililia kuanzia bondeni hadi juu. Wanaume walitoka na mapanga, mmoja bado amejitanda blanketi. Wa kwanza kutimua mbio walikuwa wachezaji wenyewe, wakiruka uzio na kuacha vitenge vyote pale vilipotundikwa.

"Mi pia nilikimbia! Nilisahabu kama ni mimi njo nilipuliza," anasema Solange, akicheka hadi machozi.

Siku ile hakucheka. Mkuu wa mtaa, Mathe, alikusanya vitenge, akavifungia ofisini na kupiga marufuku mazoezi. Solange alipokwenda kuomba radhi, alipewa sharti moja.

"Nilimuambia, Mama, kama ile kazi yenu ni ya muzuri, benyewe bakuje kuchukua bitenge byabo siku ya salongo, mbele ya batu yote," anaeleza Mathe.

Salongo ni kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa kila Jumamosi. Waume, mama wakwe, wanakwaya, wote huwapo. Kama wenye vitenge wasingejitokeza, uwanja ungefungwa moja kwa moja, na Solange angerudi ndani na kichwa chake kinachouma.

Jumamosi ilipofika, Mathe alipanga vitenge juu ya meza. Solange alichukua chake. Watu wakaegemea majembe yao, wakisubiri. Aliyefuata ni Agar, bibi wa miaka 63.

"Hii njo yangu," alisema. "Mwaka jana nilikuwa naenda misa na fimbo. Leo fimbo iko wapi? Mwenye anataka kucheka, acheke."

Hakuna aliyecheka. Delphine akajitokeza mumewe akimwangalia, kisha wengine, sasa wakisukumana. Meza ikabaki na kitenge kimoja cha kijani. Ndipo Orpa, mke wa Mathe mwenyewe, alipoweka ufagio chini na kwenda kukichukua.

"Nilikijua tangu siku ya kwanza. Mi mwenyewe njo nilikinunua," anasema Mathe, akitazama pembeni. "Lakini nilitaka yeye aseme. Mu nyumba alikuwa naniambia anaenda kuvuta maji."

Leo uwanja uko wazi asubuhi tano kwa juma. Kila mmoja hutoa alicho nacho: faranga mia tano, unga, ndizi. Kinachopatikana kinalipa kodi ya chumba cha Solange, ila karo ya watoto bado inamtoa jasho. Lakini presha yake imeshuka, Orpa amesahau dawa za usingizi, na mwenzao asipoonekana siku mbili, kundi zima huenda kumbishia hodi. Kusema kweli, kuwaona kunatia moyo.

"Inje tunaonana," anasema Solange. "Mutu akikuwa na shida, unaiona ku macho yake mbele aseme."

Mwezi ujao anakwenda mji wa Beni kuanzisha kundi jingine. Bénite, mwanamke wa wilaya ya Beu mjini humo aliyewaona alipokuja sokoni Butembo, amemtafutia kiwanja. Wachezaji hajawapata. Baada ya miaka ya mauaji, anasema Bénite, wanawake wengi wa mtaa wake hawafungui mlango mpaka jua liwe kali.

Na kama hakuna atakayekuja?

"Siku ya kwanza nitacheza mi peke yangu, pale katikati, bote banione," anajibu Solange, akifunga kamba za viatu. "Siku ya pili pia. Mi sitafute bengi. Natafuta moja tu, mwenye atafungua mulango."