Chumba cha Mifuko ya Mchanga

Kila asubuhi, kabla hajafungua dirisha, Shangazi hukaa ukingoni mwa kitanda, akavua ndala na kukanyaga sakafu mara mbili kwa nyayo tupu, kama mtu anayejaribu daraja. Kisha humgeukia mumewe.

"Utingo, barabara ipoje?" mumewe huuliza.

"Nyeupe, dereva. Twende."

Ndipo humwinua kitandani na kumkalisha kwenye kiti cha magurudumu.

Mume huyo aliendesha malori miaka thelathini, utingo wake akimwangalizia njia, mpaka kiharusi kilipomnyang'anya upande wa kushoto. Shangazi ni fundi cherehani, miaka sitini na miwili, mwembamba, na mumewe amempita kimo kwa kichwa kizima. Binti wa kaka yake, aliyehamia kwao alipomaliza chuo, ameitazama kazi hiyo mwaka mzima, na bado husimama mlangoni na mswaki mdomoni, amesahau kusugua meno.

Nguvu zenyewe hazikushuka kama mvua. Kila alasiri Shangazi husukuma cherehani pembeni, akanyanyua mifuko ya turubai aliyoishona mwenyewe na kuijaza mchanga. Ule mkubwa una uzito wa mtoto wa darasa la tatu. Lakini sebule ya nyumba ya kupanga ni finyu. Mwezi uliopita alijikwaa kwenye mguu wa meza, akachechemea siku nne. Siku hizo nne majirani wawili walikuja kumbeba dereva, naye hakuuliza habari za barabara.

Mwanawe mkubwa aliposikia, alitoa neno. "Mama, ukiumia tena, Baba namchukua. Atakaa kwangu."

Alisema kwa mapenzi. Lakini kwake ni mwendo wa basi kutwa nzima, na Shangazi hakuolewa ili awe anamwamkia mumewe kwa simu. Basi katika nyumba waliyoanza kujenga akataka chumba kimoja kiwe cha mazoezi, na akasema hataki mjadala.

Mjadala ulikuja na miguu yake. Jumamosi moja msingi ulikuwa umekauka, na kuta zilikuwa zianze kupanda Jumatatu. Mwana alifika, akasimama na fundi mkuu, jitu la mtu ambaye wenzake humwita Zege. Binti alikuwa na tepu ya kupimia na daftari.

"Hiki ndicho cha wageni," mwana alisema, akionyesha mahali palipozungushiwa kamba, kati ya chumba cha kulala na bafu. "Mazoezi yafanyike uani, Mama."

"Na mvua ikinyesha, baba yako nimwambie asiamke?"

Zege alicheka. "Mama yangu, umri huu ni wa kupumzika. Mambo ya kunyanyua vitu vizito waachie wenye vifua."

"Wewe una kilo ngapi?"

"Nikiwa nimeshiba au nina njaa?"

"Hivyo hivyo ulivyo."

"Tisini na nane."

"Kaa pale." Alimwonyesha rundo la matofali. "Legeza mkono na mguu wa kushoto. Usimsaidie mtu." Akamgeukia mwanawe. "Haya, baba. Mtoe hapo, umkalishe kwenye ile mifuko ya saruji."

Mwana ana mabega mapana, na kila Jumapili hucheza mpira. Alikunja mikono ya shati, akamshika Zege makwapani, akavuta. Shati la Zege lilipanda, kitambi kikatokeza. Aliinuka shibiri moja, akarudi chini puu!

"Unaning'oa mikono, bosi!"

Shangazi alivua ndala. Alisimama karibu kabisa, akalikinga goti legevu la Zege kwa goti lake, akapitisha mikono nyuma na kushika mkanda. Hakuvuta. Aliegemea nyuma polepole, kama anayekalia kiti kisichokuwepo, na lile jitu likapanda kama upande wa pili wa mizani. Walitulia kidogo wamesimama, kilo tisini na nane zikimwegemea mwanamke aliyemfikia kifuani. Kisha Shangazi akageuka kwa vihatua vidogo, akamshusha juu ya saruji taratibu, hata vumbi halikutimka.

Tepu ilimponyoka binti, ikajikunja yenyewe kwa kelele. Waliokuwa wakikoroga mchanga na saruji walisimama na makoleo mikononi.

"Mimi," Zege alisema kwa sauti ndogo, "tangu niachishwe ziwa sijabebwa na mtu. Nisamehe, Mama."

"Wewe si mzito. Ila magoti yangu yakilala wiki moja tu, sikuwezi."

Mwana alitazama viganja vyake mwenyewe. Baadaye akauliza, si mama yake, bali Zege: "Bomba la kushikia likifungwa ukuta wa upande wa bafu, litahimili?"

"Tukilipangia nondo sasa hivi, litahimili. Tukishapiga plasta tumechelewa."

Hapo Shangazi akaanza kusema, na binti kuandika. Mlango mpana, usio na kizingiti. Sakafu ya saruji iliyokwaruzwa, marumaru hapana. Katikati pabaki wazi mita moja na nusu, kiti kigeuke bila kurudi nyuma. Rafu ya mifuko iwe usawa wa kiuno, na dirisha lishushwe ili aliyekaa aione barabara.

"Na bomba liwe juu kiasi gani?" Zege aliuliza.

"Lifike kwenye kiwiko chake akisimama."

"Kiwiko cha Mzee ni kimo gani?"

Shangazi aliinua kiganja hewani, akakisimamisha. Binti akapima: sentimita mia moja na saba.

Jioni hiyo nyumbani, Shangazi alimsimamisha mumewe, naye binti akapima kiwiko chenyewe. Mia moja na saba. Alipima tena kutoka sakafuni, kwa sababu hakuyaamini macho yake.

"Mnanishonea suti?" dereva aliuliza.

Alipokwisha kukalishwa, binti, ambaye si msemaji, alimfuata Shangazi jikoni. Swali lake lilikuwa moja, na alikuwa amelibeba mwaka mzima.

"Shangazi, na siku mwili wako utakapokataa kumnyanyua?"

Shangazi alifunga bomba la maji kwanza.

"Siku hiyo tutabaki kitandani wote wawili. Kesho yake nitajaribu tena."