Mke wa Mwenye Bucha na Kababu za Kunde

Saa tisa alasiri, Batuli Abdulrazak anatwanga kunde mbele ya duka lililochorwa fahali mwekundu ukutani. Leo hataki kujificha jikoni. Kila apitaye mtaa huu wa Magomeni, mjini Bagamoyo, sharti aone kilichomo kinuni.

"Tazameni vizuri," anawaambia kina mama wawili waliotumwa na jumuiya yao ya Kikatoliki kuwa mashahidi. "Msije mkasema nimetumbukiza ng'ombe mlipopepesa macho."

Ni Ijumaa ya Kwaresima, siku ambayo wateja hao hawagusi nyama. Wameagiza kababu za kula baada ya Njia ya Msalaba. Wakizipenda, wataagiza kila Ijumaa hadi Pasaka. Wakizitema kama mwaka jana, Batuli ameapa kuachana nazo na kurudi kwenye maandazi.

Mwaka jana Katekista Polikarpo aliuma moja, akasita, akaitemea kwenye leso. "Hii nyama!" akasema. Masinia yakarudi kama yalivyokwenda.

Nani angemlaumu? Mumewe Batuli, Mzee Muhidini, ndiye aliyekuwa na bucha hapa hapa penye fahali.

"Mke wa mwenye bucha akikuletea kababu, utadhani mchicha?" Batuli anacheka. "Waislamu wenzangu nao waliuliza nani kachinja. Nikawaambia nimechinja mwenyewe, kwa jembe."

Kicheko hicho kimetoka mbali. Miaka minne iliyopita Muhidini alianguka bucha lingali na wateja. Kiharusi. Mkono wa kulia ukagoma kushika kisu, na daktari akamkataza nyama nyekundu. Bucha likafungwa. Mzee akanuna, sahani zikawa zinarudi jikoni zimejaa.

"Mtu kala nyama tangu ameota meno, leo unampa maharage ya kuchemsha. Si umemfunga jela?" anasema Batuli.

Mtaalamu wa lishe hospitalini akamweleza kwamba kunde zina protini ya kujenga mwili. Basi Batuli akatwanga kunde zilizolimwa Miono, akachanganya na fenesi changa lililochemshwa na kuchambuliwa, maana nyuzi zake hutafunika kama nyama. Akatia tangawizi, kitunguu saumu, giligilani na binzari nyembamba, viungo vilevile alivyovizoea mumewe.

Muhidini akala kababu tatu. Kisha akakunja uso.

"Nyama umenunua kwa nani? Mimi mkono umepooza tu, wewe ushahamia bucha la jirani!"

Hakusema naye hadi kesho yake, alipoonyeshwa maganda ya kunde.

"Alhamdulillahi kwa wivu ule," anasema Batuli. "Ndio ulionijulisha mume wangu amerudi."

Mwaka huu Ramadhani imekutana na Kwaresima. Batuli amefunga, hawezi kuonja. Muhidini, ambaye ugonjwa umemruhusu kula, anaonja kwa niaba yake.

"Chumvi bado," anaamuru kutoka kitini.

"Bucha lilikufa, bosi kabaki," mkewe anamjibu, huku akiongeza chumvi.

Wazo la kutwanga hadharani ni la Verdiana, mwenyekiti wa jumuiya na mmoja wa mashahidi. "Da Batuli alirudishiwa chakula, akatushukuru hivyo hivyo," anasema. "Mwaka mzima limenikaa rohoni."

Magharibi inakaribia, Polikarpo anafika kutoka kanisani. Yeye ni Mnyamwezi wa Tabora, Batuli ni Mzaramo, na utani wa makabila hayo hauna likizo.

"Karibu, mtani," Batuli anamsogezea sinia. "Ukifa usihofu, kukuzika ni kazi yangu."

"Mzaramo akikuzika, jeneza anauza."

Anauma. Anatafuna polepole. Anatazama kinu, anamtazama fahali. Batuli ameshika upawa, anasubiri.

"Kumbe mwaka jana niliwanyima watu chakula bure," anasema Polikarpo, mkono tayari kwenye ya pili. "Mama, nisamehe. Ijumaa ijayo lete zaidi."

Adhana inalia. Batuli anafuturu kwa tende, kisha kababu yake mwenyewe. Anamgeukia Muhidini. "Chumvi imekaa, baba. Ahsante."

Baada ya Idi wanataka kulifungua tena duka, la kababu za kunde. Mchoraji alishakuja na rangi nyeupe amfute fahali, Muhidini akamzuia.

"Mwache," alimwambia. "Mchoree majani ya kunde mdomoni. Naye kapona."