Fundi Cherehani, Mguu Wake na Mdomo Wangu

Mteja wangu alichana karatasi yangu ya ushauri, akaimwagia tumbaku, akasokota sigara. Mbele yangu. Ndani ya kliniki!

Nyie, nilitaka kulia.

Mimi ni mshauri nasaha, nawasaidia watu kuacha sigara. Huyu alikuwa fundi cherehani, mtu wa kunizaa. Kidole kimoja cha mguu kilishakatwa. Daktari alimwambia wazi: sigara au mguu. Na cherehani yake ni ya kukanyaga.

Miezi mitano nilimhubiria. Nikamtisha, nikambembeleza. Sikio la kufa.

Nikamwendea msimamizi wangu. "Dada, nimechoka. Yule mzee mpe mtu mwingine."

"Umewahi kumuuliza swali?"

"Kila siku namuuliza kwa nini haachi!"

"Hilo si swali, hayo ni mashtaka. Muulize, kisha unyamaze."

Nikasonya moyoni. Kumbe hata kunyamaza ni utaalamu?

Aliporudi kubadilishiwa bandeji, nikajikaza. "Mzee wangu, kutoka sifuri mpaka kumi, hamu yako ya kuacha ni ngapi?"

"Nne."

Ulimi ukaniwasha. Nikaung'ata. "Mbona nne, siyo sifuri?"

Nikashika kalamu, nikasubiri. Akaupapasa mguu wenye bandeji.

"Binti yangu wa mwisho anaolewa. Gauni lake nataka nilikanyagie mwenyewe, kwa miguu yote miwili."

"Hutaki lishonwe na mkono mwingine."

"Ndiyo." Akanitazama. "Na mimi nilishaacha, mwanangu."

"Ulishaacha? Lini?"

"Mwezi wa tatu. Siku kumi na tisa sikugusa hata kipande. Nikaja nikupe habari njema. Sijakaa hata kwenye kiti, ukanianza: 'Najua umevuta tu, nyie wazee hamsikii!' Nikatoka, nikanunua pakiti hapo getini."

Siku hiyo naikumbuka. Nilirudi nyumbani najisifu kwamba leo nimempa vidonge vyake.

Nilijichukia, jamani.

"Nisamehe, baba. Hizo siku kumi na tisa uliziwezaje?"

Akavuta kiti karibu. Aliongea saa nzima, mimi naandika.

Hajaacha kabisa. Kutoka pakiti nzima, sasa ni sigara mbili kwa siku, na gauni limefika kiunoni. Mguu bado upo.

Ndugu yangu, kabla hujamwaga ushauri, muulize mtu ameshajaribu nini. Huenda alikuwa njiani, na jiwe lililomkwaza ni wewe.